Bakteria wa baharini kwa slaidi, mshipi na GV

Chochote unachokiacha baharini usiku kucha, asubuhi kinateleza. Utelezi huo ndio niliotaka wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Tanga wauone kwa hadubini ya shule.

Mbinu si yangu. Mwaka 1935, kule California, Claude ZoBell na Esther Allen walionyesha kwa slaidi za kioo walizozamisha baharini kwamba bakteria hutangulia kujibandika, viumbe wakubwa hufuata. Mimi nilibadilisha vifaa tu. Slaidi nilizibana kwa vibanio vya nguo vya plastiki, vibanio nikavifunga kwenye mshipi wa kuvulia wenye chubwi, mshipi kwenye boya. Si kwenye nguzo ya gati, kwa sababu siku za bamvua maji ya huku hushuka kiasi cha mita tatu, na slaidi zingebaki zikining'inia juani.

Kazi yenyewe ni slaidi ikishatoka majini. Isuuze taratibu kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Ya bomba hapana, maana bakteria waliozoea chumvi, wengi wao hupasuka humo. Kisha ilaze kwenye formalini, dawa ya kuua na kuhifadhi vijidudu jinsi walivyo, iliyozimuliwa kwa maji hayohayo ya bahari, madirisha yakiwa wazi. Baada ya hapo maji ya bomba ni lazima, la sivyo chumvi ikikauka utaona fuwele tupu. Rangi niliyotumia ni GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni, nikaizimua. Ipake pia slaidi ambayo haijagusa bahari, usije ukaita kila punje ya rangi bakteria.

Slaidi iliyokaa majini saa moja tu ilikuwa na vijiti vya zambarau, kimoja huku, kimoja kule. Kabla yao kioo huwa kimeshavikwa, ndani ya dakika chache, utando wa protini na mabaki mengine yaliyoyeyuka majini. Bakteria hutua juu ya huo. Hawa wa mwanzo hawajashika sawasawa. Pacha wa slaidi hiyo tuliitikisa kwa nguvu kabla ya formalini, ikabaki karibu tupu.

Ya usiku kucha ilikuwa habari nyingine. Vijiti vimejikusanya makundi makundi, katikati yao ukungu hafifu wa zambarau. Huo ni ute wa sukari na protini wanaoutoa wenyewe, na ukishatanda, tikisa utakavyo, hawatoki. Kijana mmoja aliganda kwenye hadubini mpaka wenzake wakamvuta shati.

Mtoto wa fundi boti akauliza, na ile rangi yenye shaba wanayopaka chini ya boti? Tukapaka slaidi, tukaiacha majini wiki kadhaa. Kioo kilichopakwa rangi hakipitishi mwanga, kwa hiyo tulikwangua kidogo tukahamishia kwenye slaidi safi. Wale wadudu wa magamba makali wanaokata miguu hawakuwepo hata mmoja. Ute ulikuwepo, na bakteria na dayatomu (mwani wadogo wa seli moja) ndani yake: shaba huua wengi, ila wapo wanaoistahimili.