Nilivyoitafutia Ski Mwenziwe

Ukitaja ski hapa Mombasa, watu huwaza theluji. Wenye kumbukumbu ya mwaka 1998 watakutajia Philip Boit wa Eldoret, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, na jinsi bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alivyomngoja mwisho wa mbio ili ampongeze. Hadithi tamu, lakini ski zetu hazijawahi kuonja baridi. Ni za majini: mbao mbili zenye urefu wa kama sentimita 170, kila moja ina kiatu cha mpira juu na pezi dogo chini, karibu na mkia. Unazivaa ukiwa umo majini, unashika kamba ya kama mita 23, boti inavuta, unasimama. Ukianguka unacheka, unaanza tena.

Ami yangu ana boti katika hori ya Mtwapa, upande wa Shanzu. Mimi ndiye nahodha, ndiye mwalimu, na ndiye mpokea lawama. Jozi ilikuwa moja tu. Mgeni mmoja akachelewa kuachia kamba, akaenda nazo moja kwa moja mpaka kwenye mchanga. Ncha ya ski ya kushoto ikachimba, yeye akarushwa mbele bila hata kuumia, na ski ikabaki nyuma imekatika mbele ya kiatu. Ya kulia haikupata mkwaruzo.

Nilipoipasua ile iliyovunjika nikakuta mbao ya ndani imekuwa nyeusi kuzunguka matundu ya skrubu. Ski hizi kwa nje ni faiba, ndani ni mti. Maji yalikuwa yakiingia pale kidogo kidogo muda mrefu, mgeni wa watu alimalizia tu. Watu hulaumu chumvi kwa kila kitu huku pwani. Chumvi ina kesi yake na chuma, ila mti huozeshwa na maji yaliyopata pa kuingia yasipate pa kutokea.

Ami akasema, "Si ununue nyingine?" Nyingine, yaani moja. Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu ski za miguu miwili huuzwa kwa jozi. Niliwaandikia wauzaji wa ng'ambo, wote jibu lao moja: chukua zote mbili au acha. Zipo ski zinazouzwa moja moja, zile za slalomu, ambazo mtu hutia miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Lakini ile ni nyembamba mkiani, tumbo lake limebonyea kwa ndani, na imechongwa ili ilale ubavu mtu anapokata kona. Huwezi kuifunga kando ya ski pana ya mwanafunzi ukategemea zitakwenda pamoja.

Hata jozi nzima nayo ilikuwa na hesabu yake. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege haziangalii uzani peke yake. Huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Sanduku la 170 kwa 25 kwa 15 linatoka karibu kilo 13, hata kama ndani mna kilo 6. Unalipia hewa. Mzigo ukifika unakuta ushuru wa forodha, na juu yake VAT ya asilimia 16. Ami alisikiliza hesabu yote, akanyamaza, akaagiza chai.

Jamaa mmoja wa ufuoni Bamburi alikuwa na ski ya pekee, mabaki ya jozi nyingine, akaniazima. Ilikuwa fupi kwa zaidi ya shibiri. Nikaijaribu mwenyewe. Ilikuwa kama kuvaa kandambili mguu mmoja na buti mguu mwingine: ile ndefu inapanda juu ya maji mapema, ile fupi bado inazama na kuburuta, na magoti yanaanza kugombana. Mimi nimezoea, nilisimama. Mgeni asingeweza. Nikairudisha siku ileile na shukrani.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja, fundi wa mashua, karakana yake iko upande wa Kisauni, chini ya mwembe. Nilimbebea ski nzima na vipande vya ile iliyokufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ni nini, milango ya kabati?"

Nikamweleza. Akaichukua ile nzima, akaitazama kwa jicho moja kutoka mkiani kama watazamavyo mafundi, akaibonyeza katikati kwa goti. Halafu akauliza swali ambalo wauzaji wote hawakuniuliza: "Wataka niifanye kama hii ilivyo sasa, au kama ilivyokuwa mpya?"

Sikuwa nimewaza hilo, na ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Ski iliyotumika miaka imechoka. Imelegea, inapinda zaidi kuliko siku ilipotoka kiwandani. Ukiipa mwenziwe mgumu, mguu mmoja utakanyaga ubao unaokubali na mwingine ubao unaokataa. Nikamwambia aige uchovu wake pia.

"Hapo sawa," akasema. "Basi hii usiichukue. Niachie."

Nilimsimulia habari za Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota, Marekani, ambaye mwaka 1922 aliteleza majini kwenye ziwa Pepin akivutwa na boti ya nduguye. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mbao za pipa, akajaribu hata ski za theluji, zikamwangusha. Mwishowe akanunua mbao mbili za paini, akachemsha ncha zake kwenye chombo ambacho mamake alikuwa akichemshia nguo, akazipinda, akatia mikanda ya ngozi ya kushikilia miguu. Mzee alifurahi sana kusikia habari ya chombo cha kufulia. "Huyo mamake alisema nini?" Sijui alisema nini, ila mamangu mimi ningemsikia kutoka Shanzu mpaka Likoni.

Mbao tulichagua paini, isiyo na vifundo, nyuzi zake zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Mvule mzee aliukataa kwa sababu ya uzito. Plaiwudi aliikataa kwa sababu, alivyosema yeye, "plaiwudi yavunjika bila kukwambia." Pia hakutaka mbao iliyokauka mno, kwani mbao kavu sana haikubali kupindwa, inachanika.

Kwanza tulitengeneza kalibu, yaani umbo la kupindia mbao. Tuliilaza ski nzima ubavu juu ya ubao mnene, tukapitisha penseli kufuata mgongo wake, mzee akakata kwa msumeno akilifuata lile pinda la mbele, lakini akalizidisha kidogo. Mbao iliyopindwa kwa joto hurudi nyuma kiasi ikishatolewa kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania, kwa hiyo unaipinda kupita unapotaka ili ikirudi ifike unapotaka. Kiasi gani? Hilo liko mkononi mwa fundi, na sikuona akipima.

Pipa lenye maji likawekwa motoni, mbao ikasimamishwa ndani upande wa ncha, mdomo wa pipa tukaufunika kwa magunia ili mvuke usitoroke. Kanuni ya mafundi ni kama saa moja ya mvuke kwa kila inchi ya unene. Yetu ilikuwa inchi moja kasoro, lakini mzee aliiacha zaidi. Kuitoa ndiyo kazi: una muda mfupi mno kabla haijapoa, na huwezi kuishika kwa mikono mitupu. Tulikuwa watatu, kila mtu na jiliwa yake, mzee akitoa amri na wajukuu wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ikapinda. Tukaiacha kwenye kalibu mpaka ikakauka kabisa.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ile ya kupima ulegevu. Mimi nilidhani mzee ataendelea na goti lake. Badala yake aliilaza ski ya zamani juu ya vigogo viwili, kimoja kila mwisho, akatundika katikati mtungi wa plastiki wa lita 20 uliojaa maji, yaani kilo 20, na kupima kwa rula imeshuka kiasi gani. Akaandika kwa penseli ukutani. Kisha akailaza mpya mahali palepale, kwa mtungi uleule.

Mpya ilikuwa ngumu mno. Akaipiga randa tumboni, mapande membamba yakadondoka, tukapima tena. Hapo nikajifunza kwamba kazi hii haitaki pupa: ugumu wa ubao unafuata unene kuzidisha unene kuzidisha unene, yaani ukipunguza unene kwa sehemu moja ya kumi, ugumu hupungua kwa zaidi ya robo. Pita ya randa inayoonekana si kitu inabadilisha ubao. Mzee hakuijua hesabu hiyo kwa namba, lakini kila baada ya pita kadhaa alisimama akapima, na mwisho aliacha mti uwe laini kuliko wa zamani kwa makusudi. "Faiba itaurudishia," akasema. Kweli, tulipopaka tabaka la kwanza la faiba juu na chini ukakaza, lakini bado ukawa laini kidogo, tukaongeza tabaka jingine upande wa juu peke yake. Rula ikasoma sawa na ile alama ya ukutani, au karibu sana kiasi cha mimi kutotaka kuuliza zaidi.

Uzito ulipimwa kwenye mizani ya muuza samaki jirani, aliyetudai tumletee angalau changu mmoja kwa usumbufu. Mpya ilizidi kidogo. Tuliuacha uzito huo. Ukiwa umeshasimama juu ya maji, ulegevu unausikia kabla ya uzito.

Kiatu na pezi nilivitoa kwenye ile iliyovunjika. Bahati yetu ni kwamba katika jozi za aina hii ski moja huwa na kishikio cha ziada nyuma ya kiatu, cha mtu atakayetaka kuteleza kwa mguu mmoja, nacho kilikuwa kwenye ile nzima. Nafasi ya kiatu niliipima kutoka mkiani, si kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha iliyopindwa kwa mkono haiaminiki kwa milimita. Na matundu ya skrubu niliyatoboa kwa keekee makubwa kuliko yanavyotakiwa, nikayajaza gundi ya epoksi, ikikauka natoboa tena katikati yake. Skrubu sasa inauma epoksi, haigusi mti. Zikawa skrubu za stenlesi tupu.

Tulisubiri maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, tukaenda asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Wakati wa bamvua maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa horini unakuvuta kiasi kwamba hutajua kosa ni la ski au la bahari. Nilisimama mara moja, lakini mguu wa kushoto ukawa unataka kwenda zake nje. Tukarudi ufuoni. Mzee, ambaye alikuwa amekuja na kofia yake na kikombe cha kahawa, akaugeuza ubao tumbo juu, akanyoosha uzi kutoka ncha mpaka mkia, akanionyesha: pezi limekaa mshazari, upana wa ukucha tu. Tukalegeza, tukalinyoosha, tukakaza. Safari ya pili miguu ilitulia.

Rangi ndiyo haikufanana. Ya zamani ni ya buluu iliyopauka na maandishi ya kiwanda, mpya ni rangi ya mti chini ya vanishi. Ami alitaka tuipake buluu. Nilikataa, na sasa wageni huitaka ile ya mti kwanza wakidhani ndiyo ya bei. Malipo ya fundi, mbao, faiba na epoksi kwa pamoja hayakufika nusu ya bei ya jozi mpya ikiwa bado haijapanda ndege.

Kalibu imebaki karakanani, imening'inizwa kwenye tawi. Jamaa mmoja wa Diani alisikia, akataka kuiazima atengeneze yake. Ski zake ni fupi kuliko zetu na pinda lake ni jingine, kwa hiyo nilimshauri abebe ile nzima aliyobaki nayo, avuke kivuko cha Likoni, aende mwenyewe kwa mzee. Na abebe ya kahawa.