Tochi ya kichwani na asilimia tatu: kumbukumbu ya tovuti yangu ya mlima

12 Machi 2024

Umeme umerudi saa nne usiku, nikafungua akaunti ya udalali Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani. Mpango wenyewe unaitwa Associates, upo tangu 1996, na kwa kweli hauna tofauti kubwa na kazi ya dalali wa vyumba pale stendi ya Moshi: unaleta mteja, akinunua unapewa chako. Ila mteja wangu mimi yuko Marekani, sitamwona kwa macho, na kinachotuunganisha ni kwamba mwezi wa saba anapanda Kilimanjaro na hajui abebe nini.

Hapo ndipo ninapojua mimi. Nimepanda miaka tisa, minne nikiwa mgumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi huku), mitano nikiwa msaidizi wa kiongozi. Nimewahi kubeba kikausha nywele cha mgeni mpaka kambi ya Barafu, mita 4,673, mahali ambapo hakuna hata pa kukichomeka. Sasa goti limeanza kulalamika, nikasema acha niandike. Tovuti ni ya Kiingereza, Kiingereza changu cha njiani, na ina kurasa kumi na nne.

Kujiunga hakuna mtihani. Unajaza fomu, wanakupa alama yako inayokaa mwishoni mwa kila kiungo (linki inayompeleka msomaji dukani), ya Marekani inaishia na -20, na siku hiyo hiyo unaanza kazi. Mtihani unakuja baadaye: ndani ya siku 180 uwe umepata mauzo matatu, ndipo wanaikagua tovuti yenyewe. Ukishindwa, akaunti inafungwa. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 180 ni 8 Septemba. Nimeizungushia kalamu nyekundu.

Kwenye kodi nimejaza W-8BEN, fomu ya mtu asiye Mmarekani. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na TIN yangu, namba ya mlipa kodi ya TRA. Pesa zitapitia Payoneer, wanaokupa namba ya akaunti ya benki ya Marekani hata ukiwa umekaa Kiboriloni hapa Moshi.

Aprili, mvua

Mlimani hakuna watu, kwa hiyo nimeandika tu. Ukurasa mkubwa wa mwezi huu: tochi kumi bora za kichwani. Niseme ukweli, kati ya hizo kumi nimeshika mbili. Nane nimesoma walichosema wengine nikapanga maneno upya.

Hesabu ya tochi iko hivi: bidhaa za nje na michezo Amazon wanatoa asilimia tatu. Tochi ya dola 30 inakupa senti tisini. Nguo ni asilimia nne, kwa hiyo koti la manyoya la dola 120 linakupa dola 4.80. Nikaanza kupenda sana makoti.

29 Juni

Mauzo ya kwanza! Nimefungua ripoti asubuhi, nikakuta mtu kabofya tochi namba tatu, halafu kanunua chakula cha mbwa. Tochi kaiacha.

Nilidhani kuna kosa. Halafu nikasoma masharti vizuri. Msomaji akibofya kiungo chako, kompyuta yake inabaki na kidakuzi cha saa 24, yaani kumbukumbu ndogo kwamba katokea kwako, na chochote atakachonunua ndani ya muda huo unahesabiwa, kiwe cha mlima au cha jikoni. Mfuko wa dola 46, asilimia tatu, dola 1.38. Mbwa mmoja wa Marekani kanilipia vocha ya wiki.

Wiki mbili baadaye likaja la pili, soksi za sufu. Limebaki moja.

Agosti

Hapa nimefanya ujinga. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Houston. Nikamweleza habari ya mauzo matatu, akacheka. "Nitumie hiyo linki, dogo. Nanunua chochote, yaishe." Akanunua boksi la betri. Nikaliona kwenye oda, nikafurahi, nikaenda kulala.

Baada ya siku chache ile oda imekaa pale pale lakini kamisheni ni sifuri. Nikarudi kwenye masharti, safari hii na kikombe cha kahawa: huruhusiwi kununua mwenyewe kupitia viungo vyako, wala ndugu na marafiki wasikununulie. Imeandikwa wazi kabisa. Mimi ndiye niliyepita haraka.

Sikumwambia kaka. Angesema anunue la pili.

8 Septemba

Siku ya kalamu nyekundu. Mauzo mawili halali. Barua pepe imeingia jioni: akaunti imefungwa, karibu uombe tena ukiwa tayari. Hata zile dola mbili na senti sikuziona.

Oktoba

Mwezi mzima sijagusa tovuti, ila nimeangalia Search Console, inayokuonyesha watu wameandika nini Google kabla ya kukufikia. Ukurasa wa tochi kumi: wageni sita kwa mwezi. Nani aje kwangu kusoma habari za tochi wakati magazeti makubwa ya Marekani yana watu wanaolipwa kuzipima?

Lakini kuna kaukurasa kengine nilikoandika kwa dakika ishirini, bila kiungo hata kimoja, kenye wageni 340. Kanahusu mrija wa maji kuganda.

Usiku wa kilele mnaondoka Barafu karibu na saa sita. Mgeni ana ule mfuko wa maji mgongoni wenye mrija mrefu unaopita begani, kaulipia pesa nyingi. Saa tisa usiku, mkipanda kuelekea Stella Point kwenye ukingo wa kreta, anavuta maji hayaji. Mrija umekuwa barafu tangu mdomoni. Ana lita mbili mgongoni na kiu kooni. Nimeliona hili mara nyingi mno. Dawa yake ni ndogo: kila ukishakunywa, puliza pumzi kurudisha maji kwenye mfuko, mrija ubaki mtupu. Na ubebe chupa moja ya mdomo mpana, uigeuze juu chini, maana maji huanza kuganda juu, kwa hiyo barafu inakuwa kwenye kitako na mdomo unabaki wazi. Betri za tochi unalala nazo, zisipate baridi.

Kumbe watu walikuwa wanatafuta hilo. Nimefuta ukurasa wa tochi kumi. Nimebakiza zile mbili nilizozishika, na moja nimeeleza kwa nini siipendi: swichi yake huwezi kuipata ukiwa na glavu.

Novemba

Nimeomba tena, nimekubaliwa, alama mpya. Sasa hili mtu mwingine asirudie: alama ya zamani ikifa, viungo vyake vyote vimekufa. Vinafungua duka vizuri tu, msomaji ananunua, wewe hupati kitu na hakuna kengele itakayolia. Nilikuwa na viungo 41. Nikabadilisha kimoja kimoja kwa mkono kwa siku mbili, nikasahau ukurasa wa mrija, kwa sababu kichwani kwangu ule ulikuwa haukuwahi kuwa na viungo, kumbe Oktoba niliuwekea vitatu. Wiki tatu za msimu wa kununua, watu wanajiandaa kupanda Januari, zimepita bure.

Mauzo matatu nimeyapata hata hivyo, 2 Desemba. Chupa mbili za mdomo mpana na kitabu cha mapishi.

Na Waingereza ni suala jingine. Mtu wa Leeds akibofya kiungo cha duka la Marekani haninufaishi kitu. Inabidi ujiunge na duka la Uingereza, alama yake inaishia na -21, halafu unaziunganisha kwa huduma yao ya OneLink ili kila msomaji apelekwe duka la kwao. Jioni moja ya kazi.

Januari 2025

Nimekataliwa na mtandao mmoja mkubwa wa kuuza safari, nilikoomba udalali pia. Mistari miwili: tovuti yako haifai kwa sasa. Sababu hakuna.

Nikakaa nikaiangalia tovuti kama mtu asiyenijua. Anuani yangu ya barua pepe ni ya bure, ina namba za mwaka wa kuzaliwa. Ukurasa wa "mimi ni nani" una sentensi moja. Sera ya faragha hakuna. Jina langu halipo popote. Hata mimi ningekataa, ningedhani ni tapeli.

Nimetengeneza anuani yenye jina la tovuti. Nimeweka picha yangu na mzigo kichwani, Shira kule mlimani, mwaka niliokuwa na goti zima. Nimeandika sera ya faragha, na maelezo kwamba napata kamisheni. Hili Marekani ni sheria, na Amazon wana sentensi yao kabisa wanayotaka uiweke. Halafu nikaomba tena, na safari hii sehemu ya maelezo sikuiacha wazi. Nikaandika: mimi nimefanya kazi mlimani miaka tisa, wasomaji wangu wanatoka nchi hizi, wanatafuta maneno haya, nitaweka viungo vyenu kwenye kurasa hizi tatu. Nikabandika picha ya takwimu, ndogo hivyo hivyo.

Wamejibu siku ya nne. Ndiyo.

Machi

Pesa ya kwanza imeingia Payoneer. Amazon hulipa kama siku sitini baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo hii ni ya Desemba. Dola 17.62. Nimeikagua mara tatu. Mke wangu akauliza ni shilingi ngapi, nikamwambia, akasema, "Haya, gesi imepatikana." Ilibaki kidogo, lakini ndiyo, gesi ilipatikana.

Matangazo ya AdSense, yale ya Google yanayokaa kwenye kurasa zangu, pia yapo, yanasuasua. Ukifika dola kumi Google hukutumia namba ya siri kwa posta, kwenye karatasi, ili wathibitishe unakaa unaposema unakaa. Mimi nilitoa S.L.P. ya shule aliyofundisha baba. Barua imelala kule wiki tano, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwenda kufungua sanduku.

Mei

Nimeandika ukurasa unaoniibia chakula changu mwenyewe. Unasema: mfuko wa kulalia usinunue, ukodi Moshi. Mfuko wa baridi kali ni ghali, utautumia siku sita, na unakula nafasi kwenye begi. Mgumu wako ana kikomo cha kilo ishirini. Koti zito nalo hivyo hivyo, kodi. Nguo za kawaida za kukinga baridi, kama una nusu siku, pita soko la Memorial kwenye mitumba.

Kamisheni ya kununua mfuko ingekuwa nzuri. Lakini nimebeba mifuko mipya mingi, na nimewaona wenyewe wakiigawa siku ya kushuka.

Juni

Nimepita kwenye duka moja la kukodisha vifaa, la mama ninayemjua tangu enzi zangu za ugumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi ni wewe unayeniletea hawa Wazungu? Wanaingia na simu, wananionyesha picha yako umebeba ndoo."

Sikuwa nimemtaja jina la duka, nilikuwa nimeeleza mtaa tu. Tukakaa, tukanywa chai, tukapatana: kila anayekodi mfuko na kutaja tovuti, elfu tano yangu, M-Pesa, mwisho wa mwezi. Hakuna kidakuzi wala siku 180. Ana kaunta buku la kijani, kwenye ukurasa wa nyuma anachora vijiti, vinne na cha tano kinakatiza.

Nilipomwambia nitaandika kwenye tovuti kwamba ananilipa, aliweka kikombe chini.

"Unawaambia ili iweje? Dalali gani anajitangaza?"

Nimeandika hivyo hivyo. Wanaingia dukani wanacheka, wanamwambia, "Five thousand for him." Amezoea.

3 Agosti

Hesabu za Julai. Amazon dola 31.40, kama shilingi 80,000. Mtandao wa safari, oda moja, imefutwa na mteja. AdSense bado haijafika dola mia, hawalipi chini ya hapo. Kaunta buku: vijiti 23, shilingi 115,000, zimeingia saa mbili asubuhi kabla sijaamka vizuri.

Mama anataka niweke na fimbo za kutembelea. Jumamosi naenda na simu nimpigie picha mifuko yote upya. Ule wa bluu nimemwambia autoe, zipu yake imekufa.