Waranti inalipa spea, muda wako je?

Mtu akienda kununua gari jipya anauliza maswali mengi kweli, linakula mafuta kiasi gani, rangi zipo zipi, spea zinapatikana, waranti miaka mingapi, akiambiwa miaka mitano anatabasamu anasaini. Swali moja karibu kila mtu analiruka: hili gari likiingia gereji kwa waranti likalala huko wiki mbili tatu, mimi natembelea nini? Siku hizi yeyote anayeniambia anaenda shoorumu namshika shati kwanza namuuliza hilo, maana mimi jibu lake nilikuja kulijua gari likiwa tayari limeinuliwa juu na giaboksi imeshushwa chini.

Tuwekane sawa kuhusu waranti yenyewe. Waranti ni ahadi ya kiwanda, sio ya yule jamaa aliyekuuzia. Kiwanda kinasema kitu kikifa kwa kasoro yake chenyewe ndani ya miaka fulani au kilomita fulani, kitakachotangulia kufika, tutatengeneza bure. Muda unatofautiana sana, Marekani kampuni nyingi zinatoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima alafu injini na giaboksi zinaongezewa, mara nyingi miaka 5 au maili 60,000, Hyundai na Kia huko huko wanafika mpaka miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, na Kia hao hao Ulaya wanatoa miaka 7 au kilomita 150,000. Namba tamu. Ila chukua kile kijitabu usome mpaka kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezifungua, kwenye vingi utakuta kimstari kinasema kiwanda hakihusiki na hasara za wewe kukosa gari, yaani nauli, hoteli, kazi iliyokupita, muda wako. Unalipiwa spea na mikono ya fundi, basi. Kampuni chache zinaandika kabisa kwamba ukilala bila gari tunakupa lingine au tunakurudishia pesa ya kukodi, na hizo ni za kuheshimiwa, ila usidhani ni zote.

Langu lilianza kushtuka likibadilisha gia asubuhi injini ikiwa baridi, likishapata moto linatulia kama halijafanya kitu. Nikalipeleka kwa wakala, waranti bado ipo, roho imetulia. Mhudumu wa mapokezi mpole, ana tabasamu, akaandika akaniambia "tutakupigia". Hawakupiga. Nikipiga mimi naambiwa bosi vuta subira tunasubiri jibu la kiwanda, siku ya pili yake mhudumu mwingine anasema fundi hajaliangalia bado, sasa hicho kiwanda kinajibu nini kama fundi hajaliangalia? Gari la kuazima, yaani lile la wakala unalopewa utembelee lako likiwa gereji, nikauliza, nikaambiwa yapo ila yote yametoka, na kwamba "huwa tunawapa wateja kulingana na upatikanaji". Hayo maneno kulingana na upatikanaji yakariri kabisa kwa sababu utayasikia popote uendapo, maana yake ni kwamba hakuna aliyekuahidi kitu.

Baadae nikaja kuelewa kwa nini mambo yanaenda hivo, na hapa ndo nataka nikae kidogo maana ukielewa utaratibu hasira inapungua na akili inaongezeka. Kazi ya waranti gereji hailipwi na wewe, inalipwa na kiwanda, na kiwanda ndo kinapanga kazi fulani ni ya saa ngapi. Gereji inabidi ipime, ipige picha, isome namba za makosa kwenye kompyuta ya gari, itume, isubiri ruhusa kwa kazi kubwa kama injini na giaboksi, ndo iagize spea. Ikikosea hatua moja kiwanda kinakataa kuwalipa. Sasa Marekani kwa mfano mafundi wengi wanalipwa kwa saa zilizoandikwa kwenye mwongozo, sio saa walizokaa na gari, na saa za waranti mara nyingi ni chache kuliko zile anazotozwa mteja anayelipa mfukoni. Mweke fundi mbele ya magari mawili, moja la kubadilisha breki la mteja anayelipa, lingine la kutafuta mshtuko wa gia unaotokea asubuhi tu, ambao akikosa kuuona hapati hela ya maana, atashika lipi? Sio mtu mbaya, ana familia. Na ndo maana magari mengi ya waranti yanarudi na karatasi imeandikwa "tatizo halikuonekana". Halikuonekana kwa sababu liliwashwa saa nane mchana jua kali likazungushwa uwanjani dakika mbili.

Kwa hiyo kama tatizo lako linakuja na kuondoka liache gari usiku mzima gereji waliwashe wenyewe asubuhi likiwa baridi, na uombe upande na fundi, sio mhudumu, FUNDI, umuonyeshe. Video ya simu inasaidia sana. Na usiende na majibu, usiseme "giaboksi imekufa", sema dalili: likiwa baridi, mwendo wa thelathini, linashtuka mara mbili, alafu hakikisha mhudumu ameandika hivyo hivyo ulivyosema maana fundi atasoma alichoandika yule, wewe hakuoni.

Turudi kwenye gari la kuazima. Watu wanalichukulia kama zawadi, eti wakala ana roho nzuri. Mimi naona sio zawadi hata kidogo. Kila siku gari lako linapokaa gereji kuna mtu anaumia, swali ni nani. Kama huna gari la kuazima unaumia wewe peke yako, kiwanda hakiumii, ghala la spea haliumii, fundi ameshaenda kwenye breki za mtu mwingine. Wakala akikupa gari lake, sasa na yeye kila siku linamla, linapata kilomita, linashuka thamani (mengi ya hayo huuzwa baadae kama yametumika kidogo), bima juu yake, na mteja mwingine analisubiri. Hapo ndo utaona simu zinapigwa ghalani.

Aliyeielewa hii mapema ni Lexus, jina la Toyota la magari ya kifahari. Mwaka 1989 ndo wameingia sokoni Marekani na LS 400, miezi michache tu Desemba ikabidi wayaite magari kama 8,000 yarudi kutengenezwa kwa sababu ya malalamiko machache ya taa ya breki na kruzi kontroli (kile kinachoshikilia mwendo bila mguu). Kampuni mpya, jina halijashika, ingeweza kuwaua. Wakatuma mafundi wakayafuata magari majumbani, wakatengeneza, wakayarudisha yameoshwa na tenki limejaa, zoezi zima kama siku 20 hivi. Aibu ikageuka kuwa tangazo. General Motors wa Marekani nao 2014 kwenye lile sakata la swichi ya kuwashia iliyoweza kuzima injini gari likiwa mwendoni, magari kama milioni 2.6, na lile lilikuwa la vifo kabisa sio la taa, walikubali kuwapa magari ya muda bure wenye magari hayo walioogopa kuyaendesha wakati spea zinasubiriwa. Yaani kumbe inawezekana, wakibanwa inawezekana vizuri tu.

Sheria nazo zimeanza kuona kwamba muda wa mteja ni kitu. Umoja wa Ulaya una agizo la 2019 linalosema bidhaa yenye kasoro itengenezwe bure, ndani ya muda unaofaa, na bila kumletea mnunuzi usumbufu mkubwa, na Uingereza sheria yao ya haki za wateja ya 2015 inasema karibu hivyo hivyo. Ule usumbufu mkubwa ndo mlango wako, ukiandika barua usilalamike kwamba umekasirika, andika gari unalitumia kwa kazi gani na kukosa kwake kumekugharimu nini. Marekani jimbo la Connecticut mwaka 1982 lilianzisha sheria ya magari mabovu, majimbo mengine yakafuata, na mengi yanahesabu: gari jipya likikaa gereji jumla ya siku 30 ndani ya kipindi cha mwanzo, mwenye gari anaweza kudai lingine au pesa yake.

Sasa angalia mtego uliopo hapo. Gereji inakwambia "chukua gari endelea kulitumia, spea ikifika tutakuita". Inasikika kama wamekufanyia wema na mara nyingine ni wema kweli, ila ile kadi ya kazi imefungwa na siku hazihesabiki tena. Popote ulipo, iwe sheria ipo au haipo, kila ukiingia dai karatasi yenye tarehe ya kuingia, kilomita, dalili zako, na ukitoka dai yenye tarehe ya kutoka na kilichofanyika, hata kama hawakufanya kitu. Waranti ikija kuisha na tatizo bado lipo, hizo karatasi ndo zinaonyesha ulilalamika mapema, na viwanda vikiona historia hiyo mara nyingine vinakubali kuchangia au kulipa yote ingawa muda umepita.

Kuna upande mwingine wa gari la kuazima ambao hausemwi. Wakishakupa, wanajua umetulia. Mteja anayepanda basi anapiga simu kila asubuhi, mteja mwenye gari la bure linalonukia upya hapigi, na gari lake linasogezwa kona ya uwanja. Asiyekuwepo na lake halipo. Endelea kupiga, kwa adabu, mtu yule yule, na kila simu ikiisha uulize lini tena tunaongea, sio lini gari litakuwa tayari maana hilo hajui, ila lini tunaongea hiyo iko kwenye uwezo wake.

Na ukilipata hilo gari usilirukie funguo. Zunguka piga picha kila mkwaruzo mbele ya mhudumu, piga na dashibodi ionekane kilomita na mafuta. Uliza bima ni ya nani, na likigongwa kiasi gani kinatoka mfukoni mwako, hapo watu wengi wamelia. Uliza nani mwingine anaruhusiwa kuliendesha na kuna kikomo cha kilomita kwa siku au hakuna. Uliza linatumia petroli au dizeli, usicheke, lako la petroli mkono umezoea. Ukirudisha futa simu yako kwenye redio yake, la sivyo namba zako zote na njia ya nyumbani unamuachia mteja anayefuata. Na lako unaloliacha toa vitu vyako vyote, sio kwamba ni wezi, ila gari litapita mikono mingi.

Kuhusu wale wahudumu wa mapokezi sina ugomvi nao sana siku hizi. Yule mtu amebanwa, kiwanda hakimjibu, fundi hamsikilizi, wewe unamfokea, na hana hata uwezo wa kukutolea gari, funguo anazo meneja wa huduma. Kwa hiyo ukitaka gari la kuazima omba kuongea na meneja wa huduma, ikishindikana piga kitengo cha wateja cha kiwanda chenyewe uombe namba ya faili la malalamiko yako. Langu ndo lilitembea hivyo, namba ya faili ilipopatikana tu, gari la kuazima nalo likapatikana siku hiyo hiyo, lile ambalo yote yalikuwa yametoka.

Giaboksi walibadilisha kipande cha ndani, likapona. Ila nikienda kununua tena swali la kwanza mezani ni hilo, na wakinijibu "usijali gari la kuazima lipo" naomba waiandike kwenye mkataba, baada ya siku ngapi gari likiwa limelala napewa, na la aina gani. Nimeshajaribu kuuliza sehemu kadhaa, wengi kalamu inakuwa nzito ghafla. Mmoja aliandika. Waranti yake ni fupi kuliko za wenzake na nadhani kwake ndo nitanunua.