Majeraha 23 au 33?

Vijana wanaoandika tamthilia hapa Bagamoyo huogopa kuambiwa wameiba kisa. Hofu ya bure. Shakespeare alichukua visa vya wenzake karibu kila mara. La kutazama ni alichofanya baada ya kuchukua.

Mfano rahisi ni tamthilia yake Julius Caesar, ya mwaka 1599, kuhusu mtawala wa Roma aliyeuawa kwa visu. Chimbuko lake ni Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Kigiriki na Kirumi. Shakespeare alitumia Kiingereza cha Thomas North cha 1579, naye North alifasiri kutoka Kifaransa cha Jacques Amyot. Mwalimu Nyerere akaileta tamthilia kwa Kiswahili mwaka 1963. Kisa kimevuka lugha tatu ndipo kikafika pwani.

Weka sura tatu za Plutarch, ya Caesar, ya Brutus aliyeshiriki kumuua na ya Antony rafiki yake, kando ya tamthilia, ukiwa na penseli. Anza na muda. Caesar alisherehekea ushindi wake juu ya wana wa Pompey, hasimu wake, mnamo Oktoba 45 KK. Sikukuu ya Kirumi ya Luperkalia ilikuwa Februari 44. Jukwaani vyote viwili ni siku moja. Mapigano mawili ya Philippi, ambako Brutus alishindwa, yaliyopishana wiki tatu hivi, nayo yamebanwa katika siku moja.

Kisha tazama mazishi ya Caesar. Plutarch anasema tu kwamba Antony alimsifu marehemu, akaona watu wamelainika, akainua vazi lenye damu na matundu ya visu. Ile hotuba ndefu inayokaririwa shuleni ni ya Shakespeare mwenyewe. Drakma 75, fedha ambazo Caesar alimwachia kila raia katika wosia, kaziacha kama zilivyo. Majeraha 23 ya Caesar yamegeuka 33, na hakuna mtazamaji anayehesabu.

Sasa mchukue Abushiri, aliyepigana na Wajerumani hapa pwani. Vita vyake vilianza 1888, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kosa la kawaida ni kupeleka miezi yote jukwaani, kila tukio na onyesho lake, huku msimulizi akitoka kutaja tarehe. Taa zinazimwa, viti vinahamishwa, watu wanatoa simu zao. Chagua siku mbili, tatu kwa wingi. Halafu tafuta kwenye kumbukumbu pale palipoandikwa kwamba mtu alisema na watu, bila maneno yake kutajwa. Onyesho lako kubwa lianzie hapo.