Nilivyopata maoni ya kweli juu ya upigaji wangu wa piano

Mimi hupiga piano kwa mapenzi, si kwa kazi. Kwa muda mrefu, kila nilipompa mtu rekodi yangu asikilize, jibu lilikuwa lile lile: "Hongera, umepiga vizuri." Maneno matamu, ila huwezi kuyafanyia mazoezi. Wachache walioongeza neno walisema sauti ni kali, hasa kwenye nota za juu. Ukali huo unatoka wapi: kwenye vidole, kwenye piano au kwenye maikrofoni? Nikaamua kuvitenganisha.

Nilichagua Nocturne (kipande cha piano chenye hali ya utulivu wa usiku) ya mtunzi Chopin, Op. 9 namba 2, iliyochapishwa mwaka 1832, kwa sababu haifichi kitu. Mkono wa kulia unaimba melodi, yaani wimbo wenyewe. Wa kushoto unapiga besi, yaani nota ya chini, kisha kodi mbili laini (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Sikuuliza tena "mnaionaje?" Niliuliza jambo moja tu: kwenye mstari wa kwanza, melodi inasikika juu ya kodi, au vinagombana?

Majibu yalibadilika kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu alisema melodi ni safi, ila besi inakufa. Kidole kidogo cha kushoto kinaiacha nota na kurukia kodi kabla pedali, ile ya mguu inayoshikilia sauti, haijashuka tena, kwa hiyo kodi zinabaki hewani bila msingi. Nilisikiliza upya, na kweli, ilisikika wazi. Maoni ya namna hiyo ni zawadi, kwa sababu siku hiyo hiyo unajua pa kuanzia.

Ukali nao niliufuata hatua kwa hatua. Maikrofoni ilikuwa chini ya kifuniko cha piano, karibu na nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Nikaisogeza kama mita mbili kutoka upande kifuniko kinapofungukia. Sauti ikapata nafasi ya kupumua, lakini ukali haukuisha. Nikamwomba rafiki apige mstari ule ule kwenye piano ile ile, na nota zile zile zikapiga kelele. Basi, si vidole vyangu peke yake.

Fundi alipovuta nje mtambo wa funguo, alinionyesha nyundo. Felti yake, yaani sufi iliyoshindiliwa inayofunika nyundo, ilikuwa imechimbwa mifereji na nyuzi, na imegandamana ikawa ngumu. Nyundo ngumu huamsha zaidi zile sauti nyembamba za juu zilizomo ndani ya kila nota. Alianza kwa kutyuni, yaani kurekebisha mkazo wa nyuzi, kwani nota za juu zina nyuzi tatu kila moja, na mmoja ukiteleza nota inayumba, msikilizaji akadhani ni ukali. Baadaye akazipiga msasa nyundo, kisha akaichoma felti kwa sindano, kidogo kidogo, akijaribu nota baada ya nota. Tafadhali usijaribu mwenyewe: felti iliyochomwa kupita kiasi hairudi kirahisi.

Kuna walionishauri nitumie pedali ya kushoto tu. Kwenye piano kubwa ya mlalo, pedali hiyo husogeza mtambo mzima pembeni ili nyundo ziguse nyuzi mbili badala ya tatu. Hiyo ni rangi ya muziki, nzuri mno mahali pake. Si dawa ya nyundo zilizochakaa.

Nilirekodi upya na kumpelekea yule mwalimu. Safari hii hakugusia besi wala ukali. Aliuliza kwa nini naharakisha ninapofika kwenye mapambo ya melodi. Ndiyo kazi niliyonayo sasa, mkono wa kulia peke yake, polepole.