Saa 12:00 ya wapi? Kwa wanangu wenye GPA kubwa

Jumapili iliyopita mdogo wangu, binti wa shangazi, alikuja hapa Iyumbu kutusalimia, kabeba zabibu za sokoni Majengo kwenye mfuko na sura ya mtu mwenye habari. Hata hajakaa vizuri: "Kaka, matokeo ya semista ya tano yametoka, nimesimama na GPA ya 4.5." Nikampa hongera zake, wifi yake akamwambia leo hutoki hapa bila kula, na kweli jamani wastani wa alama wa 4.5 juu ya 5 sio mchezo, mimi mwenyewe nilitoka na 4.4 ya kuning'inia, ile ambayo ikiteleza kidogo tu unaangukia apa sekondi, daraja la pili la juu, na hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa unakesha kwenye vimbweta na baridi ya mwezi wa saba wa Dodoma. Afu nikamuuliza, haya, sasa unaomba wapi? Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Nasubiri nigradueti kwanza."

Hapo nikaweka soda chini.

Maana hilo jibu nilishawahi kulitoa mimi, na lilinila mwaka mzima. Ukiwa mwaka wa tatu unaona mambo yana foleni yake, UE (mitihani ya chuo ya mwisho wa semista) kwanza, projekti, matokeo, joho, cheti, NDO uanze kutafuta skolashipu. Sasa hebu tupige hesabu. Mitihani unamaliza mwezi wa saba hivi, mahafali ni mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, cheti na transkripti (orodha ya alama zako) navyo vina siku zake. Wakati wewe unapiga picha na joho, Chevening ya Waingereza ilishafunguliwa mwezi wa nane na imeshafungwa, Commonwealth ya Jumuiya ya Madola imeshafungwa, na zile masta za pamoja za Ulaya, Erasmus Mundus, nyingi zinapokea kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza au wa pili na kila programu ina tarehe yake. Ukisema ngoja cheti kitoke ndo nianze kutafuta wa kunidhamini, unakuta imebaki Türkiye Bursları ya Uturuki ambayo kwa kawaida inaanza tarehe 10 Januari hadi 20 Februari, nayo utaijaza kwa pupa.

Na kinachouma ni kwamba nyingi hazikuhitaji usubiri. Erasmus Mundus wanapokea mtu aliye mwaka wa mwisho, unaweka transkripti ya semista ulizonazo na barua ya chuo kwamba unategemea kumaliza lini, cheti unapeleka baadaye ukishapata nafasi. AIMS, ile taasisi ya hisabati ya Afrika iliyoanzia Cape Town 2003 na sasa ina kituo Kigali, nao hivyo hivyo, na kule ukichaguliwa wanakulipia kila kitu, so nyie watu wa hesabu na fizikia mnaoambiwaga "utaishia kufundisha sekondari" hebu waangalieni. Lakini Chevening huwezi, hata ukiwa na 5.0, maana wanataka masaa 2,800 ya kazi, ambayo ni kama miaka miwili, na ukimaliza masomo urudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili. DAAD za Wajerumani, zile za maendeleo, nazo wanataka miaka miwili ya kazi na digrii isiwe imezidi miaka sita. Kwa hiyo kuna za finalisti na kuna za mtu aliyekwisha kula vumbi la ofisi, na watu wanachanganya, unakuta mtoto kakesha wiki mbili anaandika insha za Chevening na hana hata siku moja ya kazi.

Haya, nilishaahidi kwenye status kwamba nitaeleza nilivyoikosa skolashipu, ngoja nieleze.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu nimalize, nilikuwa nimepanga chumba Ng'ong'ona, nafanya kazi mjini. Skolashipu yenyewe siitaji, kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimejiandaa vizuri safari hii, insha nne zimesomwa na watu watatu, pasi ninayo (150,000 yangu nililipa Uhamiaji bila kinyongo), kila kitu kipo kwenye flashi na kopi kwenye imeli. Siku ya mwisho imeandikwa tarehe fulani, 12:00 UTC. Mimi nikasoma 12:00, kichwani nikaweka saa sita usiku, nikasema nina siku nzima. Mchana huo nikaenda kazini, nikala wali maharage kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na Sabasaba, flashi iko mfukoni inanichoma paja, nikawa namtania jamaa yangu kwamba mwakani ataniona kwenye picha na koti la baridi. Nikarudi geto, nikaoga, nikabadilisha sentensi mbili kwenye insha ya tatu ambazo wala hazikuwa na shida. Saa mbili usiku nafungua ile fomu nibonyeze, naona kitufe kimekuwa cha kijivu. Nikarifreshi. Kijivu. Nikajua ni bando, nikaunga vocha nyingine ya elfu moja, kijivu. Ndo nikarudi kusoma vizuri.

12:00 UTC ni saa sita MCHANA ya kule Greenwich. Sisi tuko mbele yao masaa matatu, kwa hiyo kwetu ni saa tisa alasiri. Wakati inafungwa mimi nilikuwa nasubiri chenji ya wali maharage.

Unajua sisi saa zetu zinaanza jua likichomoza, saa moja yetu ni 7:00 yao, kwa hiyo mtu unakuwa unatafsiri mara mbili kichwani, kutoka saa ya kizungu kuja ya Kiswahili na kutoka kwao kuja Dodoma, na hapo katikati ndo skolashipu inapodondokea. Siku hizi nikiona dedilaini naiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi nabandika ukutani, "saa tisa alasiri, Alhamisi". Zile za Ulaya za 23:59 kipindi cha baridi yao zinakuwa zinafungwa saa nane kasoro dakika moja usiku kwetu, hizo angalau zinakuachia nafasi, ila usizizoee, na tarehe za Wamarekani angalia sana maana wao mwezi unatangulia, 03/11 ni Machi 11 wala sio Novemba.

Binti wa shangazi akacheka mpaka akapaliwa na zabibu. Nikamwambia cheka, ila jambo la saa ni dogo, kubwa ni barua.

Barua ya mwalimu ndiyo inayochelewesha watu wengi kuliko kitu chochote. Mimi nilipomaliza nilikuwa na A mbili kwenye masomo ya Dokta mmoja, nikajua huyu ananifahamu. Nikaenda ofisini kwake, nikakaa kwenye benchi la korido kama lisaa na nusu na watu wa carry (somo la kurudia) na watu wa sup (mtihani wa marudio), zamu yangu ikafika. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, karibu, wewe ni nani vile?" Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, mimi nilikuwa nakaa nyuma dirishani, sijawahi kuuliza swali hata moja, A yangu ilikuwa ni namba ya usajili tu. Kwa haki kabisa yule mzee hakuwa na cha kuandika. Akakubali kwa huruma, na barua ilikuja siku moja baada ya dedilaini, ina mistari sita, mmoja ukisema nilikuwa na mahudhurio mazuri.

Kwa hiyo wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili na GPA yako inanukia, nenda konsaltesheni, ule muda wa kumwona mwalimu ofisini. Sio kujipendekeza. Nenda na swali la kweli kutoka kwenye desa alilotoa, rudi tena baada ya wiki mbili, omba kumsaidia kuingiza data za utafiti wake hata bure. Msimamizi wa projekti ya mwaka wa mwisho usimkwepe kama wengi mnavyofanya, huyo ndo atakayekuandikia maana amekuona ukikosea na ukirekebisha. Ukienda kuomba barua mpe wiki sita, na usiende mikono mitupu, mpelekee sivii, transkripti, insha yako hata kama haijakaa sawa, na karatasi moja ya kumkumbusha ulifanya nini kwake, ili asianze kuvuta kumbukumbu. Afu muulize imeli anayoisoma KWELI. Maeneo mengi siku hizi barua haupewi wewe, linatumwa linki kwake moja kwa moja, na wengine wanataka imeli ya chuo sio gmail, sasa kama Dokta wetu imeli ya chuo aliifungua mara ya mwisho enzi za korona, linki inaozea humo na wewe uko nyumbani unasali. Mpigie, "Dokta naomba uangalie na kwenye spamu." Hakasiriki. Akikasirika basi akasirike na linki iende.

Halafu makaratasi mengine. Jina. Cheti cha form four kinasema Mwanahamisi, NIDA inasema Mwanahamis, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu na transkripti haina. Unadhani ni kitu kidogo mpaka fomu ikuulize jina kama lilivyo kwenye pasi. Mara nyingi kiapo kwa wakili kinamaliza kesi, ila kinakula siku, kwa hiyo tandika vyeti vyako vyote kitandani leo uvisome herufi kwa herufi. Mdogo wangu mwenyewe alikuja kugundua jina lake la kati limeandikwa tofauti sehemu mbili hapo hapo mezani kwangu, baada ya kufungua picha za vyeti kwenye simu.

Na hii GPA yenyewe, usiipeleke kichwa kichwa. Sisi tunahesabu juu ya 5, festi klasi inaanzia 4.4, apa sekondi 3.5. Fomu za Marekani mara nyingi ni juu ya 4, ukiandika 4.5 inakataa au inakuona tapeli, pale penye kuuliza skeli andika 5.0 na kama hawaulizi tafuta sehemu ya maelezo useme. Wajerumani ndo kichekesho, kwao 1.0 ndo ya juu kabisa na 4.0 ndo ya kufaulia kwa shida. Wana fomula yao, unachukua 5 unatoa GPA yako, unagawa kwa tofauti ya 5 na alama ya chini ya kufaulu ambayo kwetu ni 2, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Kwa hiyo 4.4 yangu ya kuning'inia kwao ni 1.6, na ya 3.8 ni 2.2. Nilimpigia mama yangu hiyo hesabu akaniuliza "Sasa umefeli?" Nayo Afrika Kusini wana mwaka mzima unaoitwa Honours, unasomwa baada ya digrii ya kwanza kabla ya masta, kwa hiyo wakikuuliza kama una Honours soma vizuri wanamaanisha ipi.

Sio lazima kwenda nje pia, tusidanganyane. Mwenye 3.8 na kuendelea anaweza kuomba ututorial asistanti, ile ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo, ndo kiwango cha chini cha digrii ya kwanza, na vyuo vikuu vya umma vinatangaza kupitia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na ofisi za Sekretarieti ya Ajira zenyewe ziko hapo hapo ndani ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), jengo la Asha Rose Migiro, watu wanapita na daladala kila siku hawajui. Ila kule ni kinyume na Ulaya. Kule matokeo ya muda hawataki, tangazo linasema wazi provishono rizalti na zile slipu za form four na six hazikubaliwi, wanataka cheti chenyewe, na tangazo likitoka una kama wiki mbili tu. Mtu mmoja namfahamu, 4.6, tangazo lilimkuta cheti hajakwenda kukichukua chuoni kwa sababu alikuwa anadaiwa hela ya kitabu cha maktaba. Cha kitabu! Elfu kumi na tano.

Tulikula, wifi yake akamfungia na za kubeba. Kabla hajatoka nikampa kalenda ya ukutani ya mwaka huu, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, nikamwambia azungushe tarehe za dedilaini kwa wino mwekundu, afu ahesabu wiki sita nyuma azungushe kwa bluu, hiyo ya bluu ndo siku ya kwenda kwa Dokta.

Jana usiku kanitumia ujumbe: "Kaka, huyu Dokta wa projekti amekubali, ila anasema nimtumie insha Jumatano saa nne. Saa nne ya asubuhi au ya usiku?"

Nimemwambia ampigie amuulize.