Popo wawili, sura moja, mama tofauti

Jana usiku usingizi haukuja kwa furaha. Miezi mitatu nimehangaika na vipande vya ngozi ya bawa la popo, kila kimoja kipana milimita 3 tu, na hatimaye herufi za jeni ya saitokromu b zimejipanga kwenye skrini, safi kabisa. (Kitundu bawani hujiziba chenyewe baada ya wiki kadhaa, na popo anaachiwa palepale aende zake.)

Jeni hiyo imo kwenye DNA ya mitokondria, yaani visehemu vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati. Kwa nini mitokondria? Kila seli ina nakala nyingi za DNA hiyo, kwa hiyo hata sampuli dhaifu haikunyimi kitu. Halafu mtoto huirithi kwa mama, haichanganyiki na ya baba. Ukifuata mabadiliko yake unaupanda ukoo bibi kwa bibi.

Kilichonivuta huku ni popo wadogo wa Ulaya, jenasi ya Pipistrellus. Miaka na miaka walihesabiwa spishi moja, hadi ikabainika kwamba wengine hulia kwenye masafa ya sauti ya kilohezi 45 na wengine 55. Mwaka 1997 saitokromu b zao zikalinganishwa: tofauti ikazidi asilimia 11! Spishi mbili, na zilikuwa zikiruka juu ya vichwa vya watu kila jioni.

Ila ukoo wa mama hausemi yote. Popo wengi wa Myotis blythii huko Ulaya wamebeba mitokondria ya Myotis myotis, kwa kuwa spishi hizo ziliwahi kuzaliana zamani. Ndiyo maana kesho naanza na jeni za kiini cha seli, zinazorithiwa kwa mama na baba.